Historia ya Chungu cha Wimbi, Busia na Tororo

Wimbi lilitangulia mpaka wa Kenya na Uganda. Mwaka 2024 watafiti walichapisha matokeo ya uchimbaji wa Kakapel, kwenye mwamba wenye michoro ya kale katika Kaunti ya Busia: kunde za miaka 2,300 hivi, na mamia ya punje za wimbi zilizolala humo kwa miaka 1,000 au zaidi. Hadi leo viwili hivyo hukutana katika boma la Mteso wa Amukura na la Msamia wa Lunyo, kunde sahanini, wimbi chunguni.

Waiteso huita pombe ya wimbi ajon, huko Uganda wengi husema malwa, na kuipika ni kazi ya wanawake. Unga wa wimbi hukandwa kwa maji kidogo, ukaachwa uchachuke kwa siku kadhaa, kisha hukaangwa juu ya moto mkali mpaka ugeuke kahawia, na kuanikwa juani. Baadaye huongezwa maji na kimea, yaani wimbi lililooteshwa, likakaushwa na kusagwa. Pombe ikiiva hutiwa chunguni, maji ya moto yakamiminwa juu, na wanywaji wakakaa duara kwa mirija mirefu yenye vichujio nchani. Maji huongezwa kila pombe inapopungua, hivyo chungu huwa kikali mwanzo na chepesi kuelekea jioni.

Ule ukaangaji ndio unaoipa ajon uzito wake. Waitaliano wa Valpolicella, karibu na Verona, nao hukausha zabibu kwa miezi mitatu au zaidi kabla ya kuzikamua, ndipo divai yao nyekundu ya Amarone ikafika asilimia 14 za kileo na kupita. Huinywa na nyama iliyopikwa taratibu na jibini lililokomaa. Hapa kwetu kinachosimama na ajon ni nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi, ikapikwa kwa njugu zilizosagwa, na atap, ugali wa wimbi na muhogo, pembeni. Kuku wa kienyeji hufuata, hasa kwa Waluhya, wakiwemo Wasamia, ambao hawaoni mgeni amekaribishwa bila kuku. Samaki mbichi wa Majanji, kwa maoni yangu, humezwa na ukali huo. Omena iliyokaangwa ikakauka ndiyo inayostahimili.

Mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa utawala uliokuja kuitwa Kenya, na Waiteso na Wasamia wakajikuta pande mbili za mpaka. Kodi, kisha karo, zikaleta fedha chunguni: pombe iliyokuwa shukrani kwa majirani waliokuja kupalilia ikaanza kuuzwa. Mwanaanthropolojia Ivan Karp, aliyefanya utafiti kwa Waiteso wa Kenya, aliandika mwaka 1980 juu ya jinsi kunywa pamoja kulivyokuwa kipimo cha ujirani mwema.

Mwaka huohuo wa 1980 Kenya ilipiga marufuku chang'aa, pombe kali ya kukenekwa, na ilihalalishwa kwa masharti mwaka 2010. Busaa ya mahindi na ajon zimebeba sifa mbaya isiyo yao, ilhali hazikenekwi wala hazina spiriti ya kiwandani. Ng'ambo ya pili, Uganda, kampuni ya Nile Breweries ilianza mwaka 2002 kuuza bia ya Eagle, iliyotengenezwa kwa mtama wa Epuripur uliozalishwa Serere, katika nchi ya Waiteso. Kiwanda kilithamini nafaka ambayo wapishi wa vijijini walikuwa wakiijua kwa vizazi, na wakulima wakapata soko.

Kwa Katiba ya Kenya ya 2010, leseni za vileo ni kazi ya kaunti. Waheshimiwa wa Bunge la Kaunti ya Busia, itenganisheni ajon na chang'aa katika sheria zenu: kagueni maji na vyombo, wekeni saa za kuuza, na mama anayepika kwa usafi apewe leseni anayoweza kuilipia.