Ng'ombe, Shamba na Hati Fungani: Akiba ya Uzeeni katika Historia ya Rugerero

Wahenga walisema akiba haiozi. Kauli hiyo ni kweli, lakini ina sharti lake. Rugerero ni umurenge, yaani tarafa, ya wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, jirani na mji wa Gisenyi. Historia ya mahali hapo inatufundisha kwamba akiba haiozi endapo mwenyewe huigeuza kwa wakati. Mali inayomfaa kijana aghalabu haimfai mzee, na kazi ya kuibadilisha hufanywa miaka kadhaa kabla ya kustaafu, si siku ya kukabidhi ofisi.

Tuanze na ng'ombe. Katika Rwanda ya kale ng'ombe alikuwa maziwa, mahari, heshima na hazina. Hata hivyo, hazina hiyo ilikuwa na adui. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 maradhi ya sotoka yaliteketeza mifugo mingi nchini, na tajiri wa jana akaamka fukara. Kijana angeweza kuanza upya kwa ndama mmoja. Mzee hakuwa na muda huo.

Ardhi nayo ilikuwa na utaratibu wake. Baba alipoona wanawe wamekua, aliwagawia mafungu ya shamba akiwa bado hai, na fungu hilo liliitwa umunani. Lakini hakugawa yote. Alibakiza sehemu yake na mkewe, iitwayo ingarigari, iwalishe mpaka mwisho wa maisha yao. Tuutazame utaratibu huo kwa makini, kwani ndani yake mna hekima ya mambo mawili: kupunguza mzigo wa mali inayodai nguvu ambazo mwili hauna tena, na kuhifadhi kiasi kisichoguswa. Washauri wa fedha wa leo husema hayohayo kwa maneno mengine.

Nguzo ya tatu ilikuwa watoto. Mzazi alimlea mwana ili naye aje kulelewa. Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliwaacha wazee wengi bila mtoto hata mmoja. Leo taifa linawaita Intwaza. Msiba huo hauna kipimo cha fedha. Ila ulidhihirisha kwamba matunzo ya mzee hayawezi kuachiwa familia peke yake. Jamii nzima ina wajibu.

Wajibu huo ulikuwa umekwisha kuanza kuandikwa katika sheria. Mwaka 1956 utawala wa Kibelgiji ulianzisha pensheni kwa wafanyakazi wa Kongo na Ruanda-Urundi. Mwaka uliofuata kiwanda cha bia cha Bralirwa kilianzishwa Gisenyi, na ajira ya mshahara ikasogea karibu na mashamba ya Rugerero. Rwanda ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na mwezi Novemba mwaka huohuo ikaunda mfuko wake wa hifadhi ya jamii. Mfuko huo ndio uliokuja kuunganishwa na bima ya afya ya watumishi wa umma na kuwa RSSB, kwa sheria ya mwaka 2010.

Je, pensheni peke yake inatosha? Kwa miaka kadhaa kiwango cha chini kabisa kilikuwa faranga 13,000 kwa mwezi, huku bei za sokoni zikipanda. Mwaka 2025 kiliongezwa hadi 33,710, na mchango ukapanda kutoka asilimia 6 ya mshahara hadi 12, nusu ikilipwa na mwajiri na nusu na mfanyakazi. Kwa wakulima na wachuuzi wasio na mwajiri, serikali ilianzisha mpango wa Ejo Heza mwaka 2018. Hata hivyo, mwenye uwezo hana budi kuongeza akiba yake mwenyewe.

Hapo ndipo swali la kugeuza mali linaporudi. Mwaka 2011 hisa za Bralirwa zilianza kuuzwa na kununuliwa katika soko la hisa, na mwananchi wa kawaida akaweza kumiliki sehemu ya kiwanda. Bei ya hisa hupanda na kushuka. Mwenye miaka 35 aweza kungoja bei ipande tena. Mwenye miaka 63 huenda akalazimika kuuza wakati wa hasara ili alipie matibabu. Nyumba za kupangisha, kimbilio la wengi kadiri mji unavyopanuka, nazo zina hatari zake. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba nyingi Rubavu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, Mto Sebeya ulifurika na kubomoa makazi, Rugerero ikiwemo. Aliyekuwa ameweka jasho la miaka 30 katika nyumba mbili za mtaa mmoja aliweza kupoteza zote kwa usiku mmoja.

Tuchukue mfano wa kubuni: mwalimu wa miaka 50 mwenye nyumba mbili na hisa chache. Pensheni huanza kulipwa akiwa na miaka 60 akitaka, au 65 kwa lazima, mradi amechangia miaka 15. Ana muda wa kuuza nyumba moja bila haraka, maana mwenye haraka huuza kwa bei ya mnunuzi. Fedha hizo aweza kununulia hati fungani, yaani mkopo ambao raia huipa serikali naye hulipwa riba mara mbili kwa mwaka. Akichagua hati zinazoiva miaka tofauti, kila baada ya muda fulani atapata fedha mkononi. Gharama za mwaka mmoja aziweke SACCO ya umurenge. Hisa azipunguze, asiziuze zote, kwani huenda akaishi miaka 20 baada ya kustaafu, na fedha isiyokua huliwa na mfumuko wa bei. Nyumba iliyobaki ndiyo ingarigari yake.

Zaidi ya yote, ahakikishe mapema kwamba michango yake yote imeandikwa RSSB. Ni haki ya raia kuuliza, na pengo la kumbukumbu ni rahisi kuzibwa mhusika akiwa bado kazini.

Wanafunzi wapenzi, waulizeni wazee wa nyumbani kwenu walibakiza nini walipogawa mali yao, na kwa nini. Majibu yao ni historia ambayo bado haijaandikwa kitabuni.