Kisu, Sindano na Chupa ya Maji: Historia Iliyojificha Kwa Karatasi ya Buda

Wasee, leo tuongee kuhusu karatasi. Mwanaume akipatikana na saratani ya tezi dume na daktari aamue atatibiwa kwa homoni na mionzi, mara nyingi anarudi nyumbani na orodha ya maagizo. Meza tembe hizi kabla ya sindano ya kwanza. Pima presha, sukari na mifupa. Siku ya mionzi hakikisha umeenda haja kubwa, halafu kunywa maji na usikojoe hadi tumalize. Utawekwa vidoti vidogo vya wino kwa ngozi.

Ukiisoma haraka inakaa masharti ya mganga. Mtoto akiuliza mbona, jibu linakuwa tu "daktari amesema." Stori inaishia hapo.

Mimi nasema kila mstari wa hiyo karatasi una historia. Nyuma yake kuna wanaume waliotibiwa kabla huo mstari haujaandikwa, na wengi waliumia. Ukiijua hiyo historia, utaelewa mbona mzee anafaa kufuata maagizo, na utaelewa pia mbona wazee wengi wakisikia neno "homoni" wananyamaza ama wanapotelea mashambani.

Kwanza tujue tezi dume iko wapi. Ni tezi ndogo ya wanaume, kubwa kidogo kama ndimu changa. Juu yake kuna kibofu cha mkojo, nyuma yake kuna utumbo wa haja kubwa, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Shika hiyo ramani. Tutairudia.

Sasa twende Chicago, mwaka wa 1941. Kulikuwa na daktari wa upasuaji anaitwa Charles Huggins, mzaliwa wa Kanada, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Chicago. Alikuwa amewachunguza mbwa sana, kwa sababu mbwa ni kati ya wanyama wachache ambao tezi dume yao huugua kama ya binadamu. Aliona kitu: ukiondoa korodani, tezi inasinyaa. Yeye na mwenzake Clarence Hodges wakajiuliza, je, na saratani ya hiyo tezi nayo inakula homoni ya kiume?

Wakawahasi wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa imesambaa hadi kwa mifupa. Yaani korodani zilitolewa kwa kisu. Kisha wakapima kimeng'enya fulani katika damu ambacho hupanda saratani hiyo ikiendelea. Kikashuka. Kuna wanaume waliokuwa wamelemewa na maumivu ya mifupa wakapata nafuu ndani ya muda mfupi. Kabla ya hapo, watu wengi waliamini seli ya saratani haimsikilizi mtu yeyote, inajikulia tu. Huggins alionyesha kuwa kuna saratani zinazotegemea homoni za mwili, na ukikata homoni, zinadhoofika. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1966, miaka 25 baadaye.

Hapa ndipo nataka tusimame kidogo. Ushindi wa kwanza wa tiba hii ulikuwa kuhasi. Babu yako hajawahi kusikia jina la Huggins, lakini anajua fahali aliyehasiwa hufanywa nini na huitwaje. Kwa hivyo mwanaume akiambiwa "tutapunguza homoni zako za kiume," anachosikia ni kisu, hata kama daktari hajakitaja. Hiyo woga si ujinga. Ilianzia mahali pa kweli.

Huggins mwenyewe alijua kuna njia nyingine: kumpa mwanaume estrojeni, homoni ambayo wanawake wanayo kwa wingi. Mwaka wa 1938, Charles Dodds na wenzake huko Uingereza walikuwa wametengeneza stilbestroli, estrojeni ya maabara iliyokuwa rahisi na ya kumeza. Hakuna kisu, ni tembe tu. Ikatumika miaka na miaka. Lakini madaktari wa hospitali za wanajeshi wastaafu Marekani walipolinganisha wagonjwa katika miaka ya 1960, waligundua kitu noma: waliokuwa wakimeza dozi kubwa walikuwa wanakufa zaidi kwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu. Saratani ilikuwa inarudi nyuma, moyo nao unaangushwa na dawa.

Sasa rudi kwa karatasi. Ule mstari wa "pima presha, sukari na mafuta ya damu" umetoka kwa somo kama hilo. Dawa za leo si zile, lakini kupunguza homoni ya kiume bado kunaweza kuongeza mafuta mwilini, kupandisha sukari na kusumbua moyo. Ndiyo maana mzee mwenye kisukari ama presha anafaa kusema mapema, na kama moyo wake umewahi kusumbua, ajulishe daktari kabla ya sindano ya kwanza. Mifupa nayo inapoteza uimara, kwa hivyo inapimwa, na mgonjwa anaambiwa atembee, abebe vitu kiasi, na aache sigara.

Sindano yenyewe ilitoka wapi? Mwaka wa 1971, Andrew Schally na kikundi chake huko New Orleans walitangaza muundo wa homoni ndogo inayotoka kwa ubongo, ile inayoamuru mwili utengeneze testosteroni. Kuipata walisaga sehemu ndogo ya ubongo kutoka kwa maelfu na maelfu ya nguruwe. Alipata Nobel mwaka wa 1977 pamoja na Roger Guillemin na Rosalyn Yalow. Halafu ikaja maajabu: ukimpa mtu homoni inayofanana na hiyo mfululizo, bila kupumzika, mwili unachoka kusikiliza na unazima testosteroni kabisa. Ni kama jirani anayepiga hodi usiku kucha. Mwishowe hakuna anayefungua mlango. Kufikia mwaka wa 1982 ripoti za wagonjwa wa kwanza zilikuwa zimechapishwa, na mwaka wa 1985 Marekani iliidhinisha dawa ya aina hiyo kwa saratani ya tezi dume. Kisu kikapata mbadala, na tofauti moja kubwa: sindano inaweza kusimamishwa.

Lakini kabla mwili uchoke na zile hodi, unafungua mlango kwanza. Siku za mwanzo testosteroni inapanda badala ya kushuka. Kwa mtu ambaye saratani imefika kwa uti wa mgongo, huko kupanda kunaweza kuleta maumivu makali, hata kubana neva za miguu. Ndiyo sababu ya zile tembe za kabla ya sindano: zinazuia testosteroni isifikie saratani wakati huo. Mzee akiziruka kwa sababu "si sindano inakuja tu," ameruka kinga. Siku hizi pia kuna dawa za aina nyingine ambazo hazina huo mpando wa mwanzo, kwa hivyo msishangae jirani akiwa na maagizo tofauti. Fuateni ya kwenu.

Mionzi nayo ina safari yake. Röntgen aligundua eksirei mwaka wa 1895, na akina Curie wakapata radiamu mwaka wa 1898. Mapema katika karne ya 20, madaktari walikuwa tayari wanajaribu kuingiza radiamu karibu na tezi dume kupitia mrija. Shida ilikuwa kufika ndani bila kuchoma njia nzima. Mwaka wa 1951, huko Kanada, wagonjwa wa kwanza walitibiwa kwa mashine za kobalti zilizoweza kutuma miale hadi ndani ya mwili, halafu zikaja mashine kubwa zaidi za umeme. Nguvu ilipatikana. Macho ndiyo hayakuwepo.

Kumbuka ile ramani. Tezi dume haionekani vizuri kwa picha ya kawaida ya eksirei; unaona mifupa. Kwa hivyo walilenga kwa kukadiria kutoka kwa mifupa ya nyonga, wakafungua dirisha pana la miale ili wasikose. Ndani ya hilo dirisha kulikuwa na kibofu na utumbo. Wanaume walipona saratani kisha wakabaki na damu kwa choo ama mkojo unaochoma.

Macho yalianza kufunguka hapa kwetu Afrika. Mwaka wa 1956, mwanafizikia wa Afrika Kusini, Allan Cormack, alikuwa akisaidia Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, upande wa mionzi. Aliona kuwa madaktari wanapanga dozi kana kwamba mwili ni kitu kimoja sawasawa, ilhali mfupa, nyama na hewa havipitishi miale kwa kiwango kimoja. Akaanza kutafuta hesabu za kuonyesha ndani ya mwili. Uingereza, Godfrey Hounsfield akatengeneza mashine, na mwaka wa 1971 mgonjwa wa kwanza akapigwa skani ya CT. Wawili hao wakashiriki Nobel mwaka wa 1979. Leo, kabla mzee hajaanza mionzi, analazwa kwa skani ya CT ya kupangia matibabu. Shukrani ziende pia Cape Town.

Skani ilionyesha jambo ambalo halikuwa limetiliwa maanani sana: tezi dume haitulii. Utumbo ukijaa gesi au choo, unaisukuma mbele. Kibofu kikiwa kitupu, matumbo yanashuka hadi kwa njia ya miale. Kwa hivyo unaenda haja kubwa ili tezi ikae mahali ilipokuwa siku ya skani. Unakunywa maji ili kibofu kiinuke, sehemu yake kubwa iwe mbali na miale. Vidoti vya wino ni alama za kukulaza vilevile kila siku. Chupa ya maji ya mia tano ni sehemu ya mashine, manze. Mzee akifika bila kuinywa, ama akiwa amefunga choo na hasemi, analenga vibaya mwenyewe.

Mbona sasa wachanganye homoni na mionzi? Kwa sababu ilipimwa. Mwaka wa 1997, Michel Bolla na wenzake wa Ulaya walichapisha utafiti wa wanaume zaidi ya 400, wengi wao saratani ikiwa imeanza kupita ukuta wa tezi. Nusu walipata mionzi pekee. Nusu walipata mionzi pamoja na sindano za homoni kwa miaka 3. Baada ya miaka 5, kati ya waliopata mionzi pekee asilimia 62 walikuwa hai. Kati ya waliochanganyiwa, asilimia 79. Hiyo tofauti ni baba za watu. Wengine sindano huanza miezi kadhaa kabla ya mionzi, ili tezi isinyae na kilengwa kiwe kidogo.

Na ile safari ya mionzi imefupishwa. Mwaka wa 2016, utafiti wa Uingereza wenye wanaume zaidi ya 3,200 ambao saratani yao ilikuwa bado kwa tezi ulionyesha kuwa vikao 20, kila kimoja na dozi kubwa kidogo, vinafanya kazi sawa na vikao 37. Wiki 4 badala ya zaidi ya 7. Kwa nchi ambayo kwa miaka mingi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ilikuwa hospitali ya umma pekee yenye mionzi, piga hesabu ya nauli na kitanda kwa binamu Nairobi. Sasa Nakuru, Mombasa na Garissa kuna vituo vya umma, lakini bado kuna mzee anayetoka mbali. Ulizeni daktari kama vikao vichache vinamfaa, na mjue mapema SHA inalipia nini na familia inajaza nini.

Imebaki ile stori ambayo karatasi haiisemi vizuri. Sindano inapunguza hamu ya tendo la ndoa na nguvu za kiume. Inaleta joto la ghafla linalopanda mwilini, uchovu, matiti kuvimba kidogo, na hasira ama huzuni ambayo haina jina. Kwa wengi testosteroni hurudi taratibu sindano zikiisha, lakini si kwa wote, hasa wenye umri mkubwa na waliotumia muda mrefu. Mwanaume anayetaka watoto zaidi anafaa kuuliza kuhusu kuhifadhi mbegu kabla hajaanza. Na mkewe anafaa kuyasikia haya chumbani kwa daktari, mapema, kabla hajajiuliza kimyakimya amekosea wapi.

Hapo ndipo naona tumelala. Kwa miaka zaidi ya 80 sayansi imepunguza kisu, imeelewa moyo, imetafuta macho, imefupisha wiki. Kitu ambacho hakijaguswa ni mzee kuambiwa "jikaze" na kuachwa aende kliniki peke yake. Mwanaume anayedhani ameenda kuhasiwa atakosa sindano ya pili, na hakuna mashine itakayomfuata nyumbani.

Kwa hivyo kama kwenu kuna karatasi kama hiyo, iombe uisome. Mpeleke siku ya skani. Mbebee maji. Uliza swali ambalo yeye anaona aibu kuuliza, halafu utoke nje kama anataka kumalizia mwenyewe. Na usisubiri mtu augue ndio muongee: kama baba ama kaka ya baba aliwahi kuugua hii saratani, hatari yako nawe iko juu kuliko ya mwenzako, na hilo swali siku moja litakuwa lako.