Mipira mikubwa kwenye pikapu: mazuti inaenda wapi?

Pikapu imetoka Kasongo kwenda Kabambare na mipira mipya, mikubwa kuliko ile ya zamani. Matope imevuka vizuri. Lakini ikirudi, patroni anapiga hesabu na kukuta mambo mawili hayapatani: kilometa kwenye kontere ni chache kuliko safari zingine, na mazuti iliyokwisha ni nyingi. Swali linamwangukia shofere: "Mazuti umeuzia nani?"

Kuna siku mazuti imeuzwa kweli. Lakini kuna siku hakuna aliyeiba kitu. Kontere ndiyo inadanganya, juu gari imebadilishiwa mipira na hakuna aliyefikiria kupima upya. Hapa ambapo mazuti inafika kutoka mbali na kila litri ni feza, jambo kama hilo linaweza kumkosesha mtu kazi. Ndiyo maana inafaa kujua namna mipira, kontere na mazuti vinavyofungana.

Namba za kwenye mpira

Pembeni ya mpira kunaandikwa namba kama 265/70R16. Ile 265 ni upana kwa milimeta. 70 inasema kimo cha ubavu wa mpira ni asilimia 70 ya ule upana, yaani milimeta 185 na nusu. 16 ni ukubwa wa janti kwa inchi, na inchi moja ni milimeta 25,4.

Ukitaka kimo chote cha mpira, chukua ubavu mara mbili, ongeza janti. Kwa 265/70R16 inatoka karibu milimeta 777. Kwa 285/75R16, ambayo nayo ni ya janti ya inchi 16, inatoka karibu milimeta 834. Tofauti ni milimeta 57. Nusu yake ndiyo inainua gari: karibu sentimeta 3. Kwenye barabara ya udongo iliyochimbwa na malori, sentimeta 3 si kitu kidogo. Hiyo ndiyo faida, na ni faida ya kweli.

Land Cruiser nyingi za kazi zinatembea na mipira ya 7.50R16. Hapo 7.50 ni upana kwa inchi, na kimo cha ubavu hakiandikwi. Kwa mipira ya namna hiyo, kupima kwa mkono ni bora kuliko hesabu ya kalamu.

Kontere haioni barabara

Watu wengi wanafikiri kontere inapima njia. Hapana. Inahesabu mizunguko inayotoka kwenye gia, halafu inageuza mizunguko kuwa kilometa kwa kufuata mpira uliowekwa kiwandani.

Mpira wa 265/70R16 ukizunguka mara moja unakwenda karibu meta 2,44. Kilometa moja ni mizunguko kama 410. Mpira wa 285/75R16 unakwenda karibu meta 2,62, kilometa moja ni mizunguko kama 382. Mizunguko imepungua, na kontere inaamini njia ndiyo imepungua. Tofauti ni kama asilimia 7: kontere ikionyesha 100, gari imekwenda karibu 107. Hata mwendo ni vilevile. Shofere anaona 60, kumbe anakimbia 64.

Tuchukue mfano. Gari yenye mipira ya zamani ilikuwa inakula litri 14 kwa kilometa 100. Patroni anajua hivyo. Sasa mipira ni mikubwa, safari imefanyika, kontere inasema 200, na mazuti iliyokwisha ni litri 32. Patroni anasema: "Kilometa 200 ni litri 28. Litri 4 ziko wapi?"

Njia ya kweli ni kilometa 215, si 200. Kwa kipimo cha zamani, kilometa 215 zilikuwa zinataka litri 30. Basi litri 2 zimeenda kwenye njia ambayo kontere haikuhesabu. Zinabaki litri 2, na hizo mipira mikubwa yenyewe inaweza kuzila. Ukigawa vizuri, gari imepanda kutoka litri 14 hadi karibu 15 kwa kilometa 100. Kwa kontere isiyosahihishwa, ingeonekana ni 16.

Mpira mkubwa unakula nini?

Kwanza, uzito. Mpira mkubwa ni mzito, na uzito wa kitu kinachozunguka unataka nguvu kila mara gari inapoondoka. Kwenye barabara ya mashimo, gari inasimama na kuondoka siku nzima.

Pili, ni kama kubadilisha gia. Gurudumu kubwa linakwenda mbali kwa mzunguko mmoja, lakini kulisukuma ni kazi zaidi. Kwenye lami tambarare, kwa mwendo wa taratibu, injini inaweza hata kupumzika kidogo. Lakini kwenye kilima na matope, na mzigo wa mchele, karanga na mawese pamoja na abiria juu, shofere anarudi gia ya chini na kukaa hapo. Hapo mazuti inaenda.

Tatu, upana na meno. Mpira mpana wenye meno makubwa unashika matope, lakini kwenye udongo mkavu wa kiangazi, kati ya mwezi wa sita na wa nane, unazunguka kwa uzito bila kuleta faida ile ya mvua.

Mpira mdogo kuliko ule wa kiwanda unaleta udanganyifu wa upande mwingine. Kontere inaongeza kilometa ambazo gari haikukwenda. Patroni anafurahi kwamba gari haili mazuti, kumbe injini inazunguka zaidi na tumbo la gari limeshuka karibu na mawe. Hata mpira ule ule ukila unabadilisha hesabu. Meno yakipungua milimeta 6, kimo chote kinapungua milimeta 12, karibu asilimia 1 na nusu.

Upepo usisahaulike

Wizara ya Nishati ya Marekani inasema kila upepo wa mipira yote ukishuka kwa psi 1, gari inapoteza karibu asilimia 0,2 ya umbali inaoweza kwenda kwa mafuta yale yale. Bar 1 ni psi 14,5, kwa hiyo bar 1 ikikosekana ni karibu asilimia 3. Kupunguza upepo ili kutoka kwenye matope ni akili nzuri. Kosa ni kufika kwenye njia kavu na kuendelea hivyo hivyo mpaka nyumbani, bila kusimama kwenye kwado kuongeza.

Namna ya kupima

Chaki na mita ya fundi zinatosha:

1. Weka upepo sawa kwenye mipira, na gari ibebe mzigo wake wa kawaida.
2. Piga alama ya chaki kwenye mpira pale unapogusa chini, na alama nyingine chini kwenye udongo.
3. Sukuma gari polepole, kwa mstari mnyoofu, mpaka alama ya mpira irudi chini. Pima umbali.
4. Fanya hivyo kwa mpira wa zamani kabla ya kuuondoa, na kwa mpira mpya. Gawa namba mpya kwa namba ya zamani.

Ukipata 1,07, kila kilometa ya kontere izidishe kwa 1,07. Simu yenye GPS inaweza kuhakikisha, hata mahali hakuna rezo. Kwa mazuti, jaza tanki mpaka juu kabla ya safari, jaza tena mpaka pale pale ukirudi, na pima kwa bidoni ile ile.

Hesabu hiyo inagusa hata mafuta ya injini. Mtu anayebadilisha kila kilometa 5.000 za kontere, na mipira ile ya mfano, amekwishafanya karibu 5.365.

Mipira yote minne iwe ya kimo kimoja. Kwenye 4x4, mbele na nyuma zikitofautiana, gia zinavutana na zinaharibika. Fundi aangalie pia kama mpira haugusi bodi au waya za breki pale usukani unapopindwa mpaka mwisho, gari ikiwa na mzigo. Na breki yenyewe inapata kazi zaidi, juu gurudumu kubwa ni gumu kusimamisha.

Baada ya hapo, patroni na shofere waandike ile namba kwenye daftari la gari, pamoja na tarehe ya kubadilisha mipira, na wote wawili waijue. Litri zikikosekana baada ya kusahihisha kilometa, mazungumzo yafanyike. Kabla ya kusahihisha, hakuna anayejua kama zimekosekana.