Sebule za Buganda Zilizobadili Saikolojia

Mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliingia Kampala mwaka 1954 akiwa hana kazi. Mumewe, Leonard, ndiye aliyekuwa ameajiriwa huko. Yeye alikuwa ameiacha London, alikofanya utafiti na daktari wa akili John Bowlby. Alipopata fedha kidogo, alitafuta mkalimani akaanza kuzunguka vijijini kwa akina mama 26 wa Kiganda, wenye watoto 28 kwa jumla.

Wakati ule wanasaikolojia wengi walishikilia kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu ya maziwa: anayelisha ndiye anayependwa. Bowlby alikuwa akilipinga hilo, na Ainsworth mwenyewe hakuwa amemwamini.

Sebule za Waganda ndizo zilizomgeuza. Kila baada ya wiki mbili hivi alikaa saa mbili mchana, mama akizungumza na mgeni, mtoto akitambaa. Mtoto anaondoka, anafika kwenye kitu kinachomvutia, anageuka kuhakikisha mama yupo, kisha anaendelea. Mama akitoka, analia au anamfuata kwa magoti. Mama akirudi, mtoto anampigia makofi. Mtoto huyu hakuwa akingoja tu kulishwa.

Watoto 16 aliwaona wametulia katika mapenzi yao kwa mama, 7 wana wasiwasi, na 5 hawajafungamana naye bado. Kilichonivutia zaidi ni hiki: akina mama wa wale waliotulia ndio waliojua kusimulia habari za watoto wao kinaganaga, hata bila kuulizwa.

Kitabu chake kuhusu Uganda kilitoka mwaka 1967. Lakini kilichompa jina ni jaribio alilolibuni Baltimore, Marekani: mama anamwacha mtoto kwa dakika chache katika chumba kigeni, watafiti wanaangalia atakavyompokea akirudi. Na chumba hicho kilihitajika kwa sababu watoto wa Baltimore, waliozoea mama kutoka na kuingia, hawakushtuka sana walipoachwa nyumbani. Ilibidi watiwe hofu kidogo ndipo yaonekane yale ambayo Buganda yalionekana yenyewe.

Baadaye chumba hicho kikafanywa mizani ya kuwapima watoto wa nchi nyingine. Japani, ambako wengi hawakuzoea kuachwa na mama, baadhi walilia mno hata jaribio likakatizwa, nao wakaandikwa kuwa na wasiwasi.