Vumbi katika Nyumba ya Mapenzi: Usomaji wa Shairi la Adrienne Rich

Shairi la Adrienne Rich (1929–2012) liitwalo "Living in Sin", lililomo katika diwani yake The Diamond Cutters ya mwaka 1955, ni rahisi kulisoma kama kisa cha mwanamke aliyevunjika moyo baada ya kuhamia kwa mpenziwe. Usomaji huo una ukweli wake, lakini unaacha jambo zito zaidi, kwamba shairi linakataa mafundisho mawili kwa pamoja: lile la Marekani ya miaka ya 1950, lililomtaka mwanamke apate pendo na makazi ndani ya ndoa tu, na lile la wapenzi wenyewe, wanaoamini kuwa aliyeikwepa ndoa amezikwepa na kazi zake.

Anwani inabeba fundisho la kwanza, kwa kuwa inatokana na msemo wa Kiingereza wa kuwalaumu wanaoishi kinyumba, yaani wanaokaa pamoja bila kuoana. Hata hivyo, ndani ya shairi hakuna jirani anayenong'ona wala mzazi anayelia, kwani dhambi imehamia kwingine. Mwanamke alidhani chumba cha msanii kingejitunza chenyewe na mapenzi yasingeshika vumbi. Sasa, anapotamani mabomba yanyamaze na vioo vya madirisha vitakate, tamaa hiyo inahesabiwa kuwa nusu ya uasi wa imani. Wapenzi walioikana ndoa wamejiundia dini nyingine, na muumini wake anaona haya kutaka dirisha safi. Hapa ndipo shairi lilipo kali kuliko yote, na ni ajabu kwamba mtu anaweza kulisoma bila kusita kwenye kipengele hiki.

Taswira, yaani picha zinazojengwa kwa maneno, zinakwenda sambamba na hoja hiyo. Sahani ya mapeasi, piano iliyotandikwa shali ya Kiajemi na paka anayewinda panya ni mambo ya kuchorwa. Mabaki ya jibini, chupa tatu na macho ya mdudu wa jikoni, vinavyoonekana baada ya muuza maziwa kupanda ngazi saa kumi na moja alfajiri, ni mambo ya kusafishwa. Mwanamume anapiga mwayo, anabonyeza noti chache za piano, anasema imeharibika sauti, anajisugua ndevu, kisha anatoka kufuata sigara. Mwanamke anatandika kitanda, anatafuta taulo la kupangusia meza, na kahawa inafurika jikoni. Hakuna aliyemwamuru.

Kwa msomaji wa Kiswahili, ukimya wa shairi kuhusu kazi hiyo unadhihirika zaidi ukiwekwa kando ya utendi ambao Mwana Kupona alimtungia binti yake mwaka 1858. Utendi huo unautaja utumishi wa mke waziwazi na kuufungamanisha na radhi ya mume na malipo ya akhera, hivyo mke anajua anachotakiwa kufanya na sababu yake. Mwanamke wa Rich anaifanya kazi ileile pasipo wasia, ahadi wala shukrani, kwa sababu nyumba yake imejengwa juu ya dai kwamba kazi hiyo haipo.

Umbo nalo linashiriki. Mishororo 26 inafuatana bila kugawanywa katika beti, na mingi ni mishata, yaani maana yake haikomei mwishoni mwa mshororo bali inamwagikia unaofuata, kama kazi za nyumbani zisivyo na kituo. Jioni mapenzi yanarudi, ila si kwa ukamilifu, na usiku mwanamke anazinduka mara kwa mara akihisi mchana unamjia.

Kutokuondoka kwake kusichukuliwe kuwa woga wa mshairi, ambaye mwaka 1980 alikuja kuuhoji uhusiano wenyewe wa mwanamke na mwanamume kama taasisi inayolazimishwa. Shairi la 1955 halimwonyeshi mwanamke mlango wa kutokea, kwa kuwa nyumba anayoishi ndiyo iliyokuwa mlango huo.