Daftari la Vifaa vya Teknolojia katika Shule za Marekani

Vifaa vya shule za umma nchini Marekani huorodheshwa na wilaya ya shule, ambayo si eneo la utawala kama wilaya za Tanzania bali chombo chenye bodi yake, bajeti yake na mali yake. Wilaya hizo zinapita 13,000. Daftari lao lilianza kunenepa baada ya Wasovieti kurusha Sputnik mwaka 1957. Mwaka uliofuata Kongresi ilipitisha sheria ya kugharimia elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, na shule zikapata fedha za kununulia vifaa vya sayansi, hisabati na lugha za kigeni. Projekta na vinasa sauti vikaingia madarasani, na nyuma ya fedha ya serikali kuu akaja mkaguzi.

Kumbukumbu zilikaa kwenye kadi: jina la kifaa, namba ya kiwandani, tarehe ya kununuliwa, bei, chumba. Neno hilo la mwisho ndilo lililobeba mfumo mzima, kwa kuwa kadi ilichukulia kwamba kitu hukaa mahali pake. Kwa muda mrefu haikukosea sana. Hata mwaka 1983, Apple ilipogawa kompyuta kwa shule zipatazo 9,000 za California, moja kwa kila shule, kuhakiki kulikuwa kufungua mlango na kutazama.

Kompyuta zilipofika kwa mamia, kadi zilizidiwa. Msaada ulitoka viwandani. Mwaka 1974 kampuni ya Intermec ilibuni Code 39, msimbo wa mistari unaoweza kubeba herufi pamoja na tarakimu. Kila herufi huandikwa kwa mistari na nafasi tisa, tatu kati yake zikiwa nene, na alama ya nyota hufungua na kufunga neno. Kibandiko chembamba chini ya kompyuta kiliweza sasa kutaja shule na namba ya kifaa, na karani aliyepita na kisomeo mkononi alimaliza chumba kizima kwa dakika chache. Mwaka 1999 bodi ya viwango vya uhasibu wa serikali za majimbo na za mitaa ilitaka mali za kudumu zioneshwe pamoja na uchakavu wake, na daftari likawa pia kazi ya mhasibu.

Mageuzi makubwa yalitokea Maine mwaka 2002, jimbo lilipoanza kumpa kila mwanafunzi wa darasa la saba kompyuta mpakato. Palipoandikwa chumba pakaandikwa jina la mtoto. Kifaa kilipanda basi la shule, kikalala nyumbani, kikaanguka, kikaibwa. Kukifuatilia kukawa kumfuatilia anayekibeba.

Hatari ya jambo hilo ilidhihirika Lower Merion, Pennsylvania, mwaka 2010. Wilaya iliwapa wanafunzi wapatao 2,300 kompyuta zenye programu ya kusaka zilizopotea, ambayo ilipowashwa ilipiga picha kwa kamera ya kompyuta yenyewe. Mara nyingi haikuzimwa hata kompyuta ilipopatikana. Zilikusanywa picha zaidi ya 50,000, nyingine zikiwaonesha watoto nyumbani kwao. Kesi zilimalizwa kwa maafikiano ya dola 610,000. Hakuna upotevu wa mali unaohalalisha jicho la shule ndani ya chumba cha mtoto.

Los Angeles ilipata somo la upande mwingine mwaka 2013. Wanafunzi wapatao 300 walifuta mipangilio iliyodhibiti vishikwambi vyao, na wilaya ikaagiza visitoke tena shuleni. Kifaa kikarudi chumbani.

Janga la korona lilikitoa tena. Mfuko wa dharura wa mawasiliano wa mwaka 2021, wenye zaidi ya dola bilioni 7, ulidai kila kifaa kiorodheshwe pamoja na namba yake, jina kamili la aliyekipokea, na tarehe za kukichukua na kukirudisha. Kumbukumbu hizo zihifadhiwe miaka 10. Kisha likazuka tatizo ambalo kadi isingelijua: kompyuta mpakato ya Chromebook, inayotumia mfumo wa Google, nzima, isiyo na ufa, iliyopo mahali pake, lakini imekoma kupokea masasisho ya usalama. Mwaka 2023 Google iliahidi masasisho ya miaka 10, na tarehe ya ukomo wake ikapata safu yake daftarini, kando ya jina la mtoto.