Tarehe ya Waozeshaji wa Mwambao

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na wengi wa watu wa mwambao kutoka Lamu hadi Vanga, nikaha haikusimamishwa juu ya cheo cha mwozeshaji, bali juu ya walii, mashahidi wawili waadilifu, na matamko mawili ya ijabu na kabuli; hata baba akipenda humshika mkwewe mkono na kumwoza binti yake kwa kinywa chake mwenyewe, wala hapana wa kumwuliza kibali amekipata wapi. Basi sheikh aketiye msikitini mbele ya bwana arusi ni wakili tu: amepewa neno na mwenye neno, na neno likiisha kutamkwa wakala wake umekwisha. Nadhani wengi wetu, kwa kuzoea kuona joho na kilemba, tumeisahau asili hii.

Walikuwako hata hivyo wanawake wasio na wa kuwaoza: mgeni aliyeshuka jahazini peke yake, au binti ambaye walii wake amemzuilia pasipo haki. Hao walii wao alikuwa kadhi, kwani kadhi ni naibu wa sultani, na asiye na walii, sultani ndiye walii wake. Kwa mlango huo mwembamba uozeshaji uliingia katika mambo ya dola, zamani sana kabla ya Mngereza.

Ulipoandikwa mkataba wa tarehe 14 Desemba 1895, na ule ukanda wa maili 10 wa Sultani wa Unguja ukawekwa chini ya hukumu ya Waingereza, makadhi walibakizwa katika viti vyao. Lakini mwaka 1906 ilitoka sheria ya kuandikisha nikaha na talaka za Waislamu, na pamoja nayo akazaliwa mtu mpya, msajili msaidizi, ambaye elimu yake ya fikihi haikumtosha mpaka jina lake liwekwe na serikali na daftari atiwe mkononi. Sheria ile iliangalia kuandika, si kufunga. Ila kalamu ikikaa muda mrefu karibu na ulimi, watu hawapambanui tena kilichofunga ni kipi.

Mahakama za makadhi zilihifadhiwa katika mapatano ya Oktoba 1963 juu ya ukanda ule, kisha katika Katiba ya Kenya ya 2010, itakayo kadhi awe Mwislamu mwenye elimu ya sheria ya dini kwa kiasi cha kuiridhisha Tume ya Utumishi wa Mahakama. Sheria ya Ndoa ya 2014 ikaja ikanena waziwazi yale ambayo ya 1906 iliyazunguka: nikaha ya Kiislamu iongozwe na kadhi, sheikh au imamu aliyeidhinishwa na Msajili, naye, na vilevile mukhi wa Waismaili, baada ya kuozesha aandike habari za ndoa, awape wenyewe cheti, kisha ampelekee Msajili kumbukumbu zake.

Kwa hiyo imamu wa mtaa leo hukaa mkekani na idhini mbili. Ya Msajili aliipata zamani, nayo imo mfukoni, ya pili huingoja pale pale, na khutba ya nikaha haianzi mpaka baba wa binti amgeukie na kumwambia, “Sheikh, nimekuwakilisha, niozeshee mwanangu.”